Ombwe la Injini na Mwinuko wa Songea: Jinsi ya Kutafuta na Kuziba Mivujo ya Hewa katika Magari ya Zamani

Kila mtoto aliyewahi kunywa soda kwa mrija wenye ufa anajua kwamba hata akivuta kwa nguvu zake zote atapata hewa nyingi na soda kidogo. Ufa ukizibwa kwa kidole, soda hupanda tena kama kawaida. Jambo hili dogo ndilo msingi wa makala haya, ambayo yanahusu magari ya zamani yatumiayo petroli na kabureta: Land Rover, Peugeot 504, Datsun na mengineyo ya rika lao. Chini ya boneti ya gari la namna hii mna mipira kadhaa, mingine myembamba kama penseli na mingine minene kama kidole gumba, ambayo imeunganishwa na injini. Mpira mmoja ukipasuka, injini huwa kama yule mtoto mwenye mrija mbovu.

Nakusudia kueleza kwa nini mvujo mdogo wa hewa huisumbua injini kubwa, jinsi ya kuutafuta mvujo huo kwa vyombo vichache, na jinsi ya kuuziba. Lakini kuna jambo ambalo vitabu vingi vya ufundi wa magari havilitilii mkazo, nalo ni mwinuko wa mahali gari lilipo. Songea si Dar es Salaam. Mji huu uko kiasi cha mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na mtu asiyeikumbuka tofauti hiyo aweza kutafuta mvujo usiokuwapo, kisha akaupuuza uliopo. Nimeyaona yote mawili katika gari moja.

Pikapu ya taasisi moja

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Songea kwa shughuli za masomo, nami nilisafiri mara kwa mara kwa pikapu kuukuu ya taasisi moja mjini humo. Dereva alinisimulia kwamba gari lile lilikuwa limekwisha kukaa gereji kwa siku nyingi. Fundi aliyelishughulikia hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na geji ya ombwe, alikuwa na kitabu, na alikuwa anakisoma. Kitabu kilisema kwamba injini nzima, ikiwa imepata moto na kuunguruma polepole bila gia, sharti isukume sindano ya geji hadi kati ya inchi 18 na 21 za zebaki. Sindano ilisimama kwenye 16. Fundi akabadilisha mipira yote. Sindano ikabaki 16. Akabadilisha gasketi iliyo chini ya kabureta, akakaza kila nati aliyoiona, sindano haikutikisika. Mwishowe akatoa hukumu kwamba geji yenyewe ni mbovu, na taasisi ikalipa gharama zote.

Baadaye injini ilianza kutetemeka kila gari liliposimama. Geji ilipofungwa tena ilisoma 12. Hakuna aliyejali, maana ilikwisha kukubaliwa kwamba geji ile husema uongo.

Nilikuwamo garini siku ile tulipokuwa tunateremka kutoka nyanda za juu za Umatengo kuelekea Mbamba Bay, ziwani Nyasa. Barabara ile huteremka kwa kona nyingi. Kwenye kona moja dereva alikanyaga breki, nazo zikashika. Alipokanyaga tena, pedali ilikuwa nzito. Mara ya tatu ilikuwa kama kukanyaga jiwe. Dereva, mtu mzima aliyeijua kazi yake, alirudisha gia ya chini, akaikandamiza pedali kwa miguu yote miwili huku akivuta breki ya mkono, na gari likasimama pembeni likiegemea ukingo wa udongo. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Kisha akaniuliza, ‘Mwalimu, breki zimekwenda wapi?’

Tulipofungua boneti jibu lilikuwa wazi. Mpira mnene uendao kwenye busta ya breki ulikuwa umechomoka kwenye shina lake, na mwishoni ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Ufa ule haukuzaliwa siku hiyo. Geji ilikuwa imekwisha kuutangaza iliposoma 12, kama vile mwanzoni iliposoma 16 ilivyokuwa inasema kweli kwamba hakuna ubaya wowote.

Geji hupima nini?

Yatubidi tuanze na neno lenyewe. Ombwe, kwa maana kamili, ni mahali pasipo na kitu chochote, hata hewa. Katika injini hakuna ombwe la namna hiyo. Kuna hewa iliyo haba kuliko ile ya nje. Mafundi husema injini ‘inavuta’, nasi sote husema hivyo, lakini kwa hakika ombwe halivuti kitu. Hewa ya nje ndiyo isukumayo. Soda hupanda katika mrija kwa sababu mnywaji amepunguza hewa kinywani, na hewa iliyo juu ya soda katika chupa inaisukuma soda iingie mahali penye upinzani mdogo.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1643 Mwitalia Evangelista Torricelli alionyesha kwamba uzito wa angahewa waweza kuhimili nguzo ya zebaki yenye kimo cha milimita 760 hivi. Mfaransa Blaise Pascal akafikiri kwamba ikiwa kweli ni uzito wa hewa, basi mlimani, ambako hewa iliyobaki juu yetu ni pungufu, zebaki sharti ishuke. Kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mbali na afya yake haikuwa nzuri, alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima wa Puy de Dôme na mrija wa zebaki. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda, akapima, na kilele kikampa kimo pungufu kwa zaidi ya sentimita 8. Chini, mrija mwingine ulikuwa umeachwa na mtu wa kuutazama mchana kutwa, na huo haukubadilika. Mwalimu atakayefundisha somo hili asisahau kuutaja mrija wa pili. Bila huo, mtu angeweza kusema kwamba ni hali ya hewa iliyogeuka siku hiyo.

Sasa turudi kwenye geji. Upande mmoja wa geji ya ombwe unagusana na hewa iliyo ndani ya manifoldi, yaani bomba ligawalo hewa na petroli kwenda katika silinda. Upande wa pili unagusana na hewa ya nje. Sindano huonyesha tofauti ya kanieneo baina ya pande hizo mbili, wala haionyeshi kitu kingine. Injini nyingi za petroli zinapounguruma polepole huacha ndani ya manifoldi kanieneo ya kiasi cha kilopaskali 34, sawa na milimita 255 za zebaki. Kiasi hiki hakibadiliki sana kwa kubadili mahali, kwa sababu injini ile ile huhitaji hewa karibu ile ile ili ijizungushe. Kinachobadilika ni hewa ya nje. Kwa hiyo twaweza kukadiria geji itakavyosoma kwa gari lile lile, lisilo na mvujo wowote, likisafirishwa kutoka pwani hadi Njombe:

Dar es Salaam, usawa wa bahari: hewa ya nje mm 760, geji mm 505, yaani inchi 20 hivi.
Mbamba Bay, mita 475: hewa ya nje mm 720, geji mm 465, yaani inchi 18 hivi.
Songea, mita 1,150: hewa ya nje mm 660, geji mm 405, yaani inchi 16 hivi.
Njombe, mita 1,950: hewa ya nje mm 600, geji mm 345, yaani inchi 13 na nusu hivi.

Hizi ni hesabu za makadirio, na injini hutofautiana. Lakini mwenendo wake ni wa kuaminika. Kwa kazi ya gereji yatosha kukumbuka kwamba kila mita 300 za kupanda hupunguza inchi moja hivi katika geji. Fundi wa Songea hana budi kutoa inchi nne katika kila tarakimu ya kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya pwani. Ile 18 hadi 21 ya kitabu huwa 14 hadi 17 hapa, na ile 16 iliyomsumbua fundi wetu ilikuwa alama ya injini yenye afya. Ile 12 ndiyo iliyokuwa kilio.

Kwa nini mvujo mdogo husumbua injini ikiunguruma polepole tu

Dereva mwenye gari linalovuja hewa aghalabu hueleza hivi: likisimama hutetemeka na kutaka kuzimika, lakini likishika mwendo hutulia kabisa. Kwa sababu hiyo wengi huacha mambo yalivyo. Hesabu kidogo itatuonyesha sababu yake.

Tuchukue injini yenye ujazo wa lita 1.6 inayozunguka mara 800 kwa dakika. Katika injini ya mipigo minne kila silinda hujaa mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo pistoni hufungua nafasi ya lita 640 kwa dakika. Lakini nafasi hiyo hujazwa na hewa haba ya kilopaskali 34, wakati hewa ya nje ya Songea ni kilopaskali 88. Tukigeuza kuwa hewa ya kawaida ya Songea tunapata lita 250 hivi kwa dakika. Hewa yote hiyo sharti ipite katika kabureta, kandokando ya kile kibati kizungukacho kiitwacho kipepeo, ili ipewe petroli yake. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue yote.

Sasa pawe na tundu la kipenyo cha milimita 3 katika mpira mmojawapo. Kanieneo ya ndani ikiwa chini ya nusu ya ile ya nje, au hata ikizidi nusu kidogo tu, hewa hupita katika tundu kwa mwendo wa sauti, ambao humo tunduni ni kiasi cha mita 300 kwa sekunde. Ndiyo maana mvujo hupiga mluzi. Kwa mwendo huo, tundu letu dogo litaingiza lita 65 hadi 70 kwa dakika, yaani zaidi ya robo ya hewa yote iliyohitajiwa na injini, na hewa hiyo haikupitia kwenye kabureta wala haina petroli hata tone. Mchanganyiko uliokuwa kilo 15 za hewa kwa moja ya petroli huwa 19 kwa moja. Cheche za plagi hushindwa kuuwasha vizuri, silinda moja hukosa, nyingine hushika, na injini hutetemeka. Mafundi husema gari ‘linamisi’.

Dereva akikanyaga mafuta na injini ikazunguka mara 3,000 kwa dakika chini ya mzigo, itahitaji lita 2,000 au zaidi kwa dakika. Tundu ni lile lile. Lita 70 katika 2,000 ni kama glasi ya maji katika pipa. Tena, kipepeo kikifunguka sana kanieneo ya manifoldi hukaribia ile ya nje, na kisukumacho hewa tunduni hupungua. Ugonjwa haukupona. Umefichwa tu na wingi wa hewa nyingine.

Upo mtego mwingine hapa. Hewa ya milimani ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa petroli nyingi mno ikifika huku juu. Mvujo mdogo huongeza hewa, na kosa moja laweza kulifunika jingine kwa kiasi fulani. Gari la namna hiyo huweza kutulia Njombe na kukohoa likifika ziwani, na mwenye gari akalaumu petroli ya Mbamba Bay.

Kutafuta mvujo

Kabla ya kugusa chochote, gari lisimamishwe uwanjani penye hewa, si ndani ya banda, kwa sababu moshi wa injini una kaboni monoksaidi ambayo huua bila harufu. Breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe mawe. Shati la mikono mirefu, tai na kanga vikae mbali na feni.

Anza kwa macho, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Fuata kila mpira kutoka mwanzo hadi mwisho na uuchore katika karatasi. Mpira mmoja huenda kwenye distributa, kurekebisha wakati wa cheche; mwingine, ulio mnene kuliko yote, huenda kwenye busta ya breki; mwingine hutoa mvuke wa oili kutoka katika injini na kuurudisha uungue. Pinda ncha za mpira kwa vidole. Nyufa hujificha kwenye ncha, pale mpira ulipotanuliwa kuvalia shina la chuma, maana hapo ndipo unapovutwa daima na kupikwa na joto la injini. Mpira uliozeeka hukauka na kulia ukipindwa. Uliolowa oili huvimba na kuwa laini kama nyama iliyochemka. Yote miwili haifai.

Kisha washa injini na usikilize. Sikio peke yake hudanganywa na kelele, kwa hiyo chukua kipande cha mpira chenye urefu wa mita moja, ncha moja iwe sikioni na nyingine uipitishe polepole juu ya maungio. Ni kipimo cha daktari kwa bei ya fundi baiskeli. Mluzi ukiongezeka, umekaribia.

Njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ni jaribio halisi la kisayansi, ni ya kubana. Chukua koleo lenye meno yaliyofungwa kitambaa, ubane mpira mmoja tu, karibu na manifoldi, na utazame geji au usikilize mwendo wa injini. Pasipobadilika kitu, mpira huo na chombo ulichounganishwa nacho havina mvujo mkubwa. Achia, nenda kwenye wa pili. Sindano ikipanda ghafla na injini ikatulia, mvujo uko mbele ya pale ulipobana. Tahadhari moja tu: mpira wa mvuke wa oili hupitisha hewa kwa kawaida yake, na kuubana hubadili mwendo hata kama ni mzima. Kosa la wanafunzi, na la baadhi ya mafundi, ni kuchomoa mipira mitatu kwa pamoja. Badilisha kitu kimoja, vingine viache kama vilivyo.

Mahali pasipobanika, kama gasketi chini ya kabureta, hunyunyiziwa maji kidogo kwa kichupa. Maji yakiziba ufa kwa nukta chache, sauti ya injini hubadilika. Jihadhari yasifike kwenye distributa na nyaya za plagi. Wapo watumiao petroli badala ya maji, kwa hoja kwamba injini ikiinywa huongeza mwendo na kujitaja yenyewe. Hoja ni sahihi, lakini kunyunyiza petroli juu ya chuma cha moto, karibu na nyaya za cheche, ni kutafuta mvujo kwa bei ya gari zima na pengine ngozi ya mtu. Mwalimu asiruhusu kamwe.

Wanafunzi wengi hupendekeza povu la sabuni, wakikumbuka fundi baiskeli. Hapa halifai, na sababu yake ni swali zuri la darasani. Katika mpira wa baiskeli hewa ya ndani ina kanieneo kubwa, kwa hiyo hutoka na kupuliza povu. Katika manifoldi hewa ya nje ndiyo iingiayo. Povu humezwa, wala halivimbi. Ukitaka kutumia njia ya fundi baiskeli, chomoa mpira unaoushuku, ziba ncha moja, tia hewa kidogo kwa pampu ncha ya pili, na uzamishe katika beseni la maji. Gereji kubwa za siku hizi hufanya vivyo hivyo kwa injini nzima: huzima injini, hupuliza moshi hafifu ndani ya manifoldi, na kutazama unakotokea.

Kiwambo cha distributa hupimwa kwa kinywa. Vaa kipande safi cha mpira kwenye shina lake, vuta hewa, kisha ziba ncha kwa ulimi. Ulimi ukibaki umenaswa, kiwambo ni kizima. Ukiachia mara moja, kimetoboka.

Magari mapya yenye kompyuta na yasiyo na kabureta hupata ugonjwa uo huo kwa dalili tofauti kidogo, lakini fizikia yake ni hii hii. Injini nyingi za dizeli hazina kipepeo, kwa hiyo hazina ombwe la kutosha, na busta zake hutegemea pampu ya pekee. Huko ndiko mvujo hutafutwa.

Busta ya breki

Mipira mingine ikivuja, mwenye gari hupoteza petroli na utulivu. Huu ukivuja aweza kupoteza maisha, kwa hiyo unastahili kuelezwa kwa kirefu.

Busta ni kopo la bati lililogawanywa katikati na kiwambo cha mpira. Dereva asipokanyaga, pande zote mbili huwa na hewa haba kutoka manifoldini. Akikanyaga, vali hufunguka na kuruhusu hewa ya nje iingie upande wa nyuma tu. Hewa hiyo hukisukuma kiwambo mbele, nacho husaidia mguu. Chukua kiwambo cha kipenyo cha sentimita 20. Eneo lake ni sentimita mraba 314. Pwani, tofauti ya kanieneo ikiwa kilopaskali 67, kani itakuwa nyutoni 2,100, ambayo ni uzito wa mifuko minne ya saruji ya kilo 50, na zaidi kidogo. Songea, kwa kilopaskali 54, ni nyutoni 1,700, yaani mifuko mitatu na nusu. Njombe haifiki mitatu. Msaada huu wote hutolewa na hewa, na mlimani hewa husaidia kidogo zaidi ya pungufu hata gari likiwa zima. Likiwa na mvujo, punguzo huja juu ya punguzo.

Kati ya manifoldi na busta mna vali ya njia moja, ambayo huruhusu hewa itoke katika busta wala isirudi. Kazi yake ni kuweka akiba injini inapozimika. Akiba hiyo yatosha kukanyaga mara mbili au tatu, basi. Hivyo ndivyo ilivyotutokea njiani: mpira ulichomoka, vali ikafunga, mguso wa kwanza ukatumia akiba, wa pili ukaimaliza, wa tatu ukabaki na mguu wa dereva peke yake. Breki hazikwenda popote. Kilichokwenda ni ile mifuko ya saruji.

Kuna majaribio mawili ambayo kila dereva aweza kuyafanya bila chombo chochote, gari likiwa limesimama mahali tambarare. La kwanza: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita hadi pedali iwe ngumu, ikandamize vivyo hivyo kwa nguvu ya wastani, kisha washa injini. Pedali sharti ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, ombwe halifiki kwenye busta. La pili: injini iungurume dakika mbili, izimwe, na usubiri dakika tano. Mguso wa kwanza wa pedali sharti uwe laini. Ukiwa mgumu, akiba imevuja: ama vali, ama kiwambo, ama maungio yake. Hali kadhalika, kukisikika mlio wa hewa usiokoma wakati pedali imekandamizwa, au injini ikibadili mwendo kwa kila kukanyaga, shuku kiwambo. Gari la namna hiyo lisiteremke mlima wowote mpaka litengenezwe.

Kuziba

Ufa ukiwa kwenye ncha na mpira ukiwa mrefu wa kutosha, kata sentimita mbili, uvalie tena na kufunga klipu. Huu ndio ukarabati wa bei nafuu kuliko yote, nao ni halali kwa mpira ambao sehemu iliyobaki bado ni nzima na laini kiasi. Kwa mpira wa busta singekata, ningebadilisha wote.

Mpira mpya uwe wa kipenyo kile kile, na wa aina istahimiliyo oili, petroli na joto. Nimeona mikanda ya mpira wa baiskeli ikizungushwa juu ya ufa. Hufaa kulifikisha gari nyumbani, lakini mpira ule hulainika ukiguswa na petroli au oili. Nimeona pia bomba la kumwagilia bustani na hata bomba la dripu ya hospitali. Haya hulainika kwa joto, na hewa ya nje huyabonyeza yakajifunga. Hapo kunakuwa na kuzibika pasipo kuvuja, na geji itasoma vizuri kabisa huku busta haipati kitu.

Kazi haijaisha mpira ukivaliwa. Gari lililovuja muda mrefu aghalabu limekwisha kufichiwa ugonjwa wake: mtu amefungua skrubu ya kabureta ili petroli iongezeke na kuutosheleza upepo wa ziada. Mvujo ukizibwa, petroli ile huwa nyingi mno, moshi hutoka mweusi, na mwenye gari husema lilikuwa afadhali kabla ya kutengenezwa. Rekebisha skrubu upya injini ikiwa imepata moto, kagua wakati wa cheche, kisha andika kwa rangi ndani ya boneti tarakimu ya geji, mahali na tarehe: kwa mfano, ‘Songea, inchi 16’. Fundi ajaye atakuwa na kitu cha kulinganishia ambacho hakuna kitabu kitakachompa.

Mazoezi

1. Toboa mrija wa soda kwa pini, sentimita tano kutoka kinywani. Vuta soda tundu likiwa wazi, kisha likiwa limezibwa. Eleza tofauti bila kutumia neno ‘kuvuta’.

2. Pampu ya mkono ipandishayo maji kwa kupunguza hewa bombani haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10.3 kutoka usawa wa maji, ikiwa iko pwani. Kwa kutumia kanieneo ya kilopaskali 88, onyesha kwamba Songea kikomo hicho ni mita 9 hivi. Njombe je?

3. Shule yenye gari na geji iweza kurudia jaribio la Périer baina ya Songea na Njombe. Mambo gani ya injini sharti yawe sawa katika kila kituo? Ni nini kitakachochukua nafasi ya ule mrija wa pili ulioachwa chini ya mlima?

4. Gari moja linasoma inchi 16 Mbamba Bay na inchi 16 Songea, injini ikizunguka kwa mwendo ule ule. Ni katika mji gani ungemshauri mwenye gari afungue boneti, na kwa nini?